Mchele wa Bure, Mpunga Shambani

Jumatatu, 10 Juni

Ndege kwelea wamevamia shamba tangu alfajiri. Nimepiga debe kuwafukuza mpaka mkono umekufa ganzi. Mpunga umeiva, umeinama, kazi iliyobaki ni ya mundu. Shamba langu liko mwinukoni, mafuriko ya Aprili yalilipita kando. Mashamba ya wenzangu kule bondeni yalisombwa yote. Wavunaji wanakuja kesho, kama kila mwaka. Anayevuna nampimia mpunga wake, anajitwika, anakwenda. Ndivyo tunavyolipana huku.

Jumanne, 11 Juni

Hakuna aliyekuja. Hata mmoja!

Jioni mdogo wangu Asteria kaja na habari kutoka mjini Ifakara. Malori yamefika na mchele wa msaada kutoka ng'ambo. Kila nyumba iliyopigwa na mafuriko inapewa. Wavunaji wangu wote wako foleni.

Mchele! Kilombero! Si sawa na kumletea Mndamba, mvuvi wa mto huu, samaki wa kopo? Aprili watu walikuwa wanachemsha mapapai mabichi, lori hatukuliona hata moja. Leo mpunga umeiva ndiyo yanakuja. Wana akili kweli hawa?

Ijumaa, 14 Juni

Mnunuzi wangu wa Morogoro kapiga simu. Haji. Eti mchele wa msaada umeshaingia sokoni, wanaopewa wengine wanauza. Nisubiri kidogo.

Nisubiri nini? Ukigusa shuke tu, punje zinamwagika. Mume wangu yuko kwenye mashamba ya miwa, ruhusa kanyimwa. Tumevuna mimi na Asteria, kutwa nzima, kipande kama uwanja wa kanisa. Nina hasira!

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimemfuata Mama Tekla. Ndiye anayewatangulia wavunaji wangu miaka yote. Ni mtu mzima kwangu, na leo shikamoo sikumpa. Nimemwambia mbele za watu kwamba vya bure vimemfanya mvivu.

Hakupandisha sauti. "Mwanangu, kwako nilikuwa nakuja kwa sababu ya njaa. Mwaka huu sina njaa. Ulitaka niwe nayo?"

Nimegeuka, nikashika njia ya nyumbani. Miaka yote hiyo nilidhani ni ujirani. Nilikuwa nawapikia uji, tunaimba, tunataniana. Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu watoto wake, watakula nini. Nimeona aibu, na aibu imenizidishia hasira.

Lakini kuhusu malori sijakosea, ng'o! Mpunga upo hapa hapa, mwinuko wote huu mpaka kijiji cha Kisawasawa. Wangeununua kwetu, wakawagawia wa bondeni. Mama Tekla angekula, na mimi ningeuza. Hata kuuliza hawakuuliza.

Jumamosi, 22 Juni

Mashuke yamesimama matupu. Punje ziko chini kwenye tope, kwelea wanakula, napiga debe hawashtuki. Tulichookoa hakitawafikisha watoto Krismasi. Nimelia, nikatukana, nikalia tena.

Asteria anasema mgao wa pili unakuja, safari hii wanawaandika hata waliovuna vibaya. Nimemwambia aniondokee mbele yangu. Mimi nipange foleni ya mchele? Mimi?

Jumapili, 23 Juni

Asteria kaniandikisha. Hakuniuliza. Sisemi naye.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda. Jua lilikuwa kali. Mama Tekla alikuwa kwenye foleni, kaniona, kasogea kunipa nafasi kivulini. Tumesimama bega kwa bega.

Mchele wenyewe haunukii hata kidogo. Nimeupika kwa nazi. Watoto wamekula, wakaomba waongezwe. Nimewaongeza.