Mwizi Aliyekuwa Mwezi

Nyumba 418, Barabara ya Cordova,
Burbank, California.
9 Oktoba 1974.

Mpendwa kaka Lyle,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo, na Joan hajambo? Mgongo wake umepoa, au baridi ya Anchorage imeuamsha tena? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii.

Nisikuzungushe. Ule mkwaruzo wa sauti ya Mama si mafua. Daktari ameona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na Jumatatu atapasuliwa. Anasema Mama mwenyewe atapona, ila sauti haiahidi. Kwa simu nisingeweza kukwambia, maana Mama anasikia kila neno.

Unakumbuka karatasi aliyotia saini tukiwa wadogo: kwenye ile filamu uso uwe wa nyota wao, sauti iwe ya Mama, naye asimwambie mtu kuwa ni yeye, wala asiuimbe tena wimbo ule aliouimba humo. Hajauimba hata jikoni. Sisi wanawe tumeujua kwa midomo ya watu.

Na watu hawauachi. Wenye tarumbeta wameufanya dansi, vijana wa magitaa wameufanya kilio, na supamaketi unapigwa bila maneno pale penye nyama. Wenye kuimba wote husema, "Mwizi, nirudishie usiku wangu." Kumbe iliandikwa "Mwezi". Siku ya kurekodi Mama alikuwa na jino bovu, shavu limevimba, ulimi ukateleza. Mkubwa wa studio akapenda, kosa likabaki. Miaka thelathini nchi nzima inaimba jino la Mama.

Juzi hospitalini muuguzi alikuwa akimpima presha huku anauimba.

"Unaujua huu, bibi?"

"Nimewahi kuusikia," Mama akajibu. "Ila huyo mwizi unamkimbiza mno, mwanangu. Mwache apumue."

Nilicheka mpaka kwenye gari, nikalia humo humo. Nikamwomba aniimbie mara moja tu, ninase kwenye kaseti kabla ya Jumatatu. Akakataa katakata. Nikamwambia studio yenyewe ilishabomolewa, sasa watu wanaegesha magari. Akasema ahadi yake haikujengwa kwa matofali. Unamjua.

Leo asubuhi nimemkuta sebuleni kavaa gauni la kanisani, kinasa sauti kiko mezani.

"Washa, Maxine."

Akauimba wote, sauti inakwaruza, anapumzika katikati. Alipofika pale akaimba "Mwezi". Nikadhani kumbukumbu nayo imeanza kumtoka. Akanicheka.

"Niliahidi sitauimba ule wa filamu," akasema. "Ule una mwizi. Huu ni wangu."

Kaseti ni hiyo humu ndani. Sijatoa nakala, naogopa nisije nikaifuta. Iweke mbali na watoto.

Jumapili tarehe 20 ndiyo siku ya kwanza ataruhusiwa kusema neno. Piga simu saa nne asubuhi. Sitaigusa, nitamwachia Mama apokee. Ukisikia kimya, kaka, usikate. Ni yeye.

Nisalimie Joan, na shangazi Hedda umwambie atuombee. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atuachie Mama jinsi alivyo.

Ni mimi dadako, nikupendaye na nisiyelala,
Maxine