Sahihi Namba Kumi na Tisa

Jumanne, 6 Mei
Mkutano wa bodi ya shule na wazazi, nje ya mji, upande wa barabara ya Kilifi. Wa saa tatu; umeanza saa tano na robo. Dua, kisha sala, kisha karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Nikatia sahihi, kama miaka yote ishirini na miwili ya kazi hii ya uandishi wa habari. Ajenda moja: madarasa matatu ya chini yafungwe, watoto wahamie shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Paa bovu, asema mwenyekiti.

Bi Kadzo, muuza viazi vya karai, akasimama. Analea mjukuu, Sidi, miaka saba. "Malori yale yatamngoja Sidi avuke?" Soda zikaletwa. Tukatawanyika bila uamuzi.

Nimeandika aya nne. Mhariri amebakiza mbili.

Alhamisi, 15 Mei
Tangazo langoni: madarasa yanahama Jumatatu ya tarehe 26, wazazi wamekubali kwa kauli moja. Nimeomba nakala ya kumbukumbu za kikao. Katibu kanipa bila wasiwasi wowote.

Nyuma yake, karatasi yetu ya mahudhurio. Kichwa kimefunikwa kwa kipande kingine cha karatasi: Wazazi Waliokubali. Bi Kadzo namba saba, kwa dole gumba. Mimi namba kumi na tisa.

Nina hasira. Zaidi na nafsi yangu.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemweleza mhariri. Habari kampa mwenzangu, kwa kuwa jina langu limo. Ningefanya vivyo hivyo.

Kisha kwa Bi Kadzo. Shikamoo, marahaba, nikamsomea ile karatasi. Akaacha kumenya viazi.
"Kumbe una mtoto hapa shuleni, baba, na hutwambii? Mamake yuko wapi, huko kwako Shella?"
Wateja wakacheka. Yeye alisharudi kumenya.
"Jumatano tunaitwa kwa afisa wa elimu. Utasema?"
Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine. Nikamjibu nitafikiria. Jibu la mwoga.

Jumatano, 21 Mei
Mwenyekiti alimsomea afisa wa elimu majina yote. Alipofika langu nikasimama. Naishi Shella. Sina mtoto pale. Nilitia sahihi kuonyesha nimehudhuria. Sentensi tatu.

"Mwandishi, umekuja kuandika ama kuutaka udiwani?" mwenyekiti akauliza. Ukumbi ukacheka. Niliona haya.

Bi Kadzo akainuka. "Mwacheni. Mimi ni namba saba. Kidole changu kilisema nimefika, hakikusema kingine."

Namba tatu akasimama. Namba kumi na moja. Kisha sikuweza tena kuhesabu. Afisa akafunga faili. Uamuzi umefutwa: paa likaguliwe, wazazi waulizwe upya. Madarasa yasihame.

Nimechoka kuliko siku ya uchaguzi.

Jumatatu, 26 Mei
Mhariri ameniondoa kwenye habari za shule kwa muda. Sikubisha.

Mvua tangu alfajiri. Nimepita shuleni saa moja bila daftari. Paa bado linavuja. Mwalimu alikuwa akisogeza madawati upande mkavu. Sidi akaja peke yake kwa njia ya ndani, isiyovuka barabara kuu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akaingia darasani. Barabarani malori yalikuwa yakipita. Bi Kadzo alikuwa kibandani nje ya lango, kwenye karai lake, akigeuza viazi, wala hakuinua kichwa.