Mshenga wa Maboga

Mwihoko, Ruiru
Julai 10

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Wayua. Natumaini goti limepoa na baridi ya huko Ngoliba haijawabana kama hii yetu. Mimi ni mzima, na tangu Machi ndiyo mara ya kwanza nalala usingizi mtamu. Sababu ni Kagwe, yule msimamizi wetu wa shamba.

Uliniambia nimwachie Mungu. Nilimwachia, lakini nikabaki na kazi yangu pale pale kwa grinhausi nijionee. Sikusahau siku aliyokufukuza, alivyokuita mshenga wa maboga mbele ya vibarua wote, akakulazimisha uvue gambuti za shamba, ukaenda stejini kupanda matatu miguu mitupu. Alisema mtu wa kugusisha ua dume na ua jike kila asubuhi hahitajiki, kwani sasa kuna mitambo.

Mitambo ni mizuri, sitadanganya. Boila inapasha mabomba yanayopita kati ya mimea, na jua likitoka nawasha kichomeo cha gesi ili hewa ukaa iongezeke, maana ndiyo chakula cha majani. Kagwe alinionya nisifungue dirisha hata moja, joto na hiyo hewa visitoroke. Nilimtii kabisa. Majani yakawa makubwa kama sinia, naye akawa anajipiga picha katikati yake.

Na maboga je? Nyuki hawakuwa na pa kuingilia, na mshenga alishafukuzwa. Kila katunda kaligeuka njano, kakaoza ncha, kakaanguka. Kagwe akaongeza joto. Akaongeza gesi. Dawa niliijua, ulinifundisha mwenyewe, lakini nilinyamaza wiki sita nikifagia tu. Nilifurahi, mama, sitaki kukuficha.

Juzi mwenye shamba alimwambia Kagwe kwamba maboga yasipoonekana kufikia mwisho wa mwezi, atafute kazi kwingine. Kagwe akaniita kando, kwa sauti ya chini, akaomba namba yako. Alitaka urudi.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Nilimwambia umekufa. Nilisema ulishikwa na homa baada ya siku ile, na tukakuzika kimya kimya mwezi wa nne. Aliketi juu ya ndoo akalia kweli, nami nikamwangalia mpaka akamaliza. Akaapa kwamba lazima aombe msamaha kaburini kwako.

Jumamosi saa nne anakuja hapo nyumbani na pasta wake, na unga na sukari ya kutupa pole. Nimempa jirani yetu Nzioki barua hii akuletee kesho, kwa sababu kwa simu ungenikatiza. Usiende sokoni siku hiyo. Vaa vizuri, ukae mlangoni.

Wasalimie Mbithe na watoto. Uwongo wangu unisamehe wewe. Yeye mwache kwanza aseme yote aliyokuja kumwambia marehemu, akiwa amekutazama machoni.

Ni mimi bintiyo,
Wayua