Shimo la Mawe la Kawangware

Kianda, Kibera
Jumatatu

Baba mpendwa,

Natumai mmeamka salama, wewe na Mama, na kwamba mvua imewakumbuka. Kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii. Simu inakusumbua masikio, ndiyo maana naandika. Dada Kavata akusomee polepole, asiruke kitu.

Uliniagiza niende Kawangware niangalie kama lile shimo mlimokuwa mkichonga mawe ukiwa kijana bado lipo, na kama rafiki yako Shem yu hai. Nilikawia. Huku siku hizi hakuna anayetulia. Ploti yetu imeuzwa, tumeambiwa tutafute vyumba kwingine, na nikikaa kwenye cherehani mguu unakanyaga lakini mawazo yako njiani. Jirani yangu Mnubi, ambaye babu yake alikaa hapa tangu alipoacha jeshi la Waingereza, ananiambia Kibera kwa lugha yao ni msitu. Nami nikipeleka mapazia kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, natazama mabati yaliyobanana pale chini, natafuta huo msitu.

Basi jana baada ya kanisa nikaondoka kwa miguu. Nikapita Olympic, nikavuka Barabara ya Ngong, nikashika ya Naivasha hadi Kawangware. Baba, hungepajua. Ulituhadithia mashamba, na wale ndege ngware ambao mahali hapo paliitwa kwa jina lao, wakikimbia vichakani asubuhi. Sasa ni maduka ya simu, vinyozi, makanisa yenye spika kubwa, mama anakaanga samaki ubavuni mwa fundi wa milango ya chuma. Soko limefika mpaka barabarani.

Nikamwuliza kijana aliyekuwa akiosha pikipiki, shimo la mawe liko wapi.

"Shimo? Siz, hapa hakuna shimo, ni maploti tu. Lakini uliza mzee Shem, yule anashinda kwa geti ya ile flati ya kijani. Huyo alikuja Kawangware kabla stima haijawaka hapa."

Yu hai, Baba. Alikuwa ameketi langoni na redio, nywele nyeupe zote. Nilipomwambia mimi ni Mwende, binti wa Musyoka wa Mwingi, alizima redio, akanishika mkono, akanipandisha ngazi hadi juu ya paa, kwenye kamba za nguo.

"Ona kule Lavington penye miti," akasema. "Zile nyumba za zamani, mawe yetu. Ile shule, mawe yetu. Na shimo lenyewe?" Akapiga paa kwa kisigino. "Walilijaza takataka na udongo, wakajenga hii. Watu wanalala juu ya shimo letu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba yako bado anachechemea?"

"Ndiyo. Alianguka na baiskeli kabla sijazaliwa."

"Baiskeli gani?"

Ndipo akanieleza. Kwamba mvua ilikuwa imenyesha, ukuta wa shimo ukamporomokea, wenzenu wote wakakimbia juu, wewe ukarudi chini. Kwamba ulimfukua kwa mikono mpaka ukapata kichwa chake, na ulipokuwa ukimvuta, jiwe lingine likashuka likakuvunja mguu. Kwamba ulipanda basi mguu ukiwa umefungwa kwa mbao, ukamwambia utarudi ukipona.

"Nilimngoja sana," alisema. "Nikapata mtoto wa kiume, nikamwita Musyoka. Watu wetu Wamaragoli wakaniuliza, hilo jina la Kikamba umelitoa wapi? Nikawaambia waulize mbavu zangu."

Musyoka huyo sasa ni mwashi. Flati nyingi za mtaa ule, mkono wake umo.

Nilirudi bila kuisikia barabara. Leo nimeshona suruali moja, nikaifumua, nikaishona tena, nikaifumua. Nina hasira na wewe, na ninakuonea fahari, wala sijui nianze na lipi. Miaka yote Mama akikukanda mguu huo kwa mafuta, wewe unasema baiskeli! Shem anadhani uliogopa Mama akijua ni shimo asikuruhusu kurudi mjini. Mimi nataka kusikia kwako, tena uso kwa uso.

Ameniambia kuna chumba kitupu kwenye ile flati. Sijamjibu. Nilimwuliza yeye kwanza: "Mzee, utasafiri nami hadi Mwingi?" Akasema magoti yake mabovu, na lango atamwachia nani. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti. "Twende," akasema. Nikamwambia leo ni Jumapili na jua limeshazama, angoje Ijumaa.

Basi tunakuja Ijumaa. Kesho nampa barua hii dereva wa basi la Mwingi. Nitakaa huko kidogo, sijui kidogo gani.

Mama, najua umeketi hapo unasikiliza. Pika muthokoi wa kutosha, na usimgombeze Baba mpaka tufike.

Nisalimie shangazi mwenye duka, mjomba Kioko anayetunza kisima, na mchungaji aliyenifundisha kusoma.

Ni mimi binti yako, niliye na haraka ya kufika,
Mwende