Fundi Abdulatif na Mzeituni wa Watu

Mwaka umetimia, Baba, tangu alfajiri ile ya Ijumaa ulipotutoka nyumbani kwetu Ujiji, umeshatia udhu na hujaswali. Karabai ya mwisho uliyoitengeneza bado imetundikwa barazani. Mwenyewe hajaja kuichukua, na sisi hatujaiuza, maana tunakujua.

Mama hakutaka tuandike yale yanayoandikwa kila siku, kwamba ulikuwa mcheshi na mpenda watu. Alisema, "Mwandikieni kweli. Kuna jambo alikufa hajalijua, na mimi ndiye niliyemficha." Basi mimi Safina, mwanao wa kwanza, nimeshika kalamu, naye Mama Mwasiti amekaa ubavuni pangu anachambua dagaa na kunisahihisha. Nikipunguza neno ananisonya.

Ulikuwa fundi wa karabai miaka thelathini na zaidi. Wavuvi wa dagaa kutoka Kibirizi hadi Mwamgongo walikuletea taa zao zimeziba au zinatema mafuta, nawe ulizifungua, ukazizibua, ukazipiga pampu mpaka zikanguruma. Kila taa uliifungia kibati ulichokata kwenye kopo, jina la mwenyewe ukalitoboa kwa msumari, nukta kwa nukta. Kwa kuwa ulitumia mkono wa kushoto, herufi zako zote ziliinamia upande mmoja. Zipo taa zilizokaa miaka saba zikimngoja mtu aliyehama au aliyepotelea ziwani. Watu wakikushauri uziuze, ulijibu kwamba taa ina jina lake na hilo jina si lako.

Kwa hiyo Mama alijua vizuri ameolewa na mtu wa namna gani. Hilo ndilo linalomuuma zaidi leo, kwamba alijua na bado wivu ukamfumba macho.

Melania aliingia nyumbani kwetu mwishoni mwa mwaka tisini na sita, vita vilipofumuka ng'ambo ya ziwa na watu wakawa wanashuka kwenye maboti wakiwa na magodoro vichwani. Alikuwa mjane, rika la Mama, ametokea upande wa Uvira. Ulimkuta ufukweni amekaa juu ya kifurushi chake, hana mtu, amepakata kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na mche wa mzeituni usiozidi shubiri. Alikuwa mtunza bustani kwenye misheni ya huko milimani, na katika vyote vya kuokoa aliokoa huo. Ukamleta nyumbani. Mama ndiye aliyemtandikia chumba cha uani na kumpa kanga. Hapa ananigusa bega: niandike kwamba zilikuwa kanga mbili, na moja ilikuwa mpya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Melania hata ya tatu hakuingoja. Alifagia, alichota maji, alikuna nazi, na kila alasiri akakufundisha kuutunza ule mti. Ah, Baba, hapo ndipo ulipoharibu! Mliinama wawili juu ya kopo moja. Kokoto za ufukweni chini, juu yake mchanga nusu na udongo nusu. Kidole unakichomeka mpaka kiungo cha pili, ukikuta unyevu usitie maji, kwa maana mzeituni huvumilia kiu lakini hauvumilii kuloweka miguu. Wewe ulichomeka kidole, na yeye akachomeka chake kuhakikisha. Mama alikuwa jikoni akiwatazama kupitia moshi, na anasema vile vidole viwili havikumkalia vizuri hata kidogo.

Miezi mitano ikapita, ikatoka amri kwamba wakimbizi wote waliokaa mitaani wahamie kambini. Melania akapangiwa Lugufu. Lori lilikuwa limejaa watu na mizigo, na mti haukupata nafasi. Akakukabidhi akisema ni amana, atauchukua siku ya kurudi kwao. Jioni ile ile ulikata kibati, ukatoboa MELANIA, ukakifunga kwenye shina kwa uzi wa nyavu.

Jina la mwanamke mwingine, Baba. Uani kwa mkeo. Kwa miaka kumi.

Ukauhamisha kutoka kopo kwenda ndoo iliyotoboka, na kutoka ndoo kwenda nusu pipa, ambalo uliliinua juu ya mawe matatu ili maji ya masika yapate pa kutokea. Uliupogoa katikati hewa ipite. Wadudu wa magamba walipouvamia, ulikaa kwenye kigoda na kitambaa na maji ya sabuni, ukapangusa jani moja baada ya jingine, juu kijani, chini rangi ya fedha. Siku hiyo Mama alikuwa na homa. Hukumsahau, ulimpelekea uji, lakini kitandani alikuwa anakuona dirishani unavyopangusa, na akalia kwa hasira mpaka mto ukalowa. Alijiuliza ni lini ulimpangusa yeye jasho namna hiyo.

Na mti wenyewe haukuzaa hata tunda moja. Majirani walicheka. Ulisema kwetu huku hakuna baridi ya kuufanya uchanue, na kwamba mti uliotajwa Kitabuni hata ukikaa bure una heshima yake. Mama akaubatiza jina: mke mwenza. Ukirudi msikitini alikuuliza kama mke mwenza ameshakula. Wewe ulikuwa unacheka. Yeye hakuwa anacheka, Baba, ndiyo maana tunakuandikia.

Siku moja akakusikia ukimwonya ndugu yetu Omari asimwage maji ya chumvi karibu na pipa, yataua mizizi. Mama akaliweka neno hilo moyoni. Tangu hapo, kila ulipokwenda kuswali alasiri, alibeba beseni la maji aliyooshea dagaa wa chumvi, pamoja na vichwa na magamba, akammwagia mke mwenza yote. Kisha alikaa kungoja majani yapukutike.

Mti ukanona. Shina likanenepa, matawi yakatoka kila upande, majani yakang'aa. Ile chumvi ilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na huo uozo wa dagaa ukawa mbolea. Nawe ukasimama uani, mikono nyuma, ukasema, "Mti huu una mtu anayeupenda sana."

Mama akajua unamsema Melania. Kesho yake akaongeza chumvi.

Mwaka elfu mbili na tatu ulichukua kibali, ukavaa kanzu nyeupe na koti la Idi, ukaenda Lugufu. Ulirudi kesho yake na vumbi hadi kwenye kope. Mama alikuuliza ulikwenda kwa nani, nawe ukajibu bila kupepesa kwamba ulikwenda kwa mwenye mti. Akakuuliza kama ni ndoa, useme, yeye si wa kwanza kuletewa mke mwenza. Ulicheka ukamwambia asubiri tu. Maskini Baba, ungejua lilivyomwingia hilo neno! Siku nne ulikula ugali bila mboga na wala hukuuliza kwa nini. Akapekua mfuko wa koti, akakuta jani moja la mzeituni limekauka. Akalificha kwenye kasha, chini ya cheti cha ndoa, liwe ushahidi.

Ulipougua, ukamwita peke yake. Alitarajia umwambie kitu chake yeye, neno la kubaki nalo. Ukasema, "Mwenyewe akija, mpe mti wake. Usimsimange kwa maji uliyoutilia." Ukafumba macho, na huo ndio ukawa wasia wako. Mama alitoka chumbani amekaza midomo, na sisi tulidhani ni uchungu wa kukupoteza. Ulikuwa uchungu, ndiyo, lakini si wa aina moja.

Akakaa eda miezi minne na siku kumi, haendi popote, mwanamume wa kando hamwoni, mbele yake kuna ukuta, pipa na kile kibati. Aliapa hatautilia hata tone, ufe wenyewe, yeye hatakuwa ameua. Kilikuwa kiangazi. Majani yakaanza kujikunja. Wiki ya sita dada yetu Nasra alimkuta amechuchumaa penye pipa, kidole kimezama kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Alimwambia Nasra alikuwa anatafuta pete. Siku hiyo akautilia maji safi, na tangu hapo hakuacha. Hakuupenda, anasema, ila ndicho kitu pekee nyumbani kilichokuwa kinakukosa kama yeye.

Mwezi uliopita Melania akaja.

Alikuwa anasubiri meli ya kuwarudisha watu Kongo. Nywele zimeingia mvi, kitenge kimepauka, mkononi ana kikapu kimefunikwa kwa kanga. Mama alimwona dirishani kabla hajabisha hodi, akaenda kwanza kuufunga mlango wa uani kwa komeo. Halafu akamkaribisha barazani, akapokea pole. Melania alisema habari za msiba zilimfikia kambini zimechelewa, na kwamba alikulilia kama ndugu. Kisha akauliza habari za mti.

"Ulikufa," Mama akasema. "Ulikufa na mtunzaji wake."

Nilikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Nilimtazama Mama, naye hakunitazama. Ulikuwa wasia wako, Baba, wa pekee, na aliuvunja kwa maneno mawili, macho makavu. Anasema hakuweza. Miaka kumi ulimpa huyo mwanamke mikono yako, na sasa aje achukue hata kile ambacho mikono ile ilikishika?

Melania alifuta macho kwa upindo wa kitenge. Halafu akasema basi ni heri amekuja na huu, akafunua kikapu. Kulikuwa na kopo la mafuta ya msaada, na ndani yake mzeituni mdogo, umefika kwenye goti. "Huu ni wako, Mama Safina," akasema. "Bwana yako ndiye aliyeniomba."

Akamweleza. Ile siku ulipokwenda Lugufu ulikuwa umebeba vitawi vinne kwenye kitambaa kibichi. Ulimwambia umejaribu mara tatu kuotesha nyumbani na vyote vimekauka, labda mkono wake yeye utakuwa mwepesi. Vitatu vilikufa. Cha nne kilikaa karibu mwaka mzima bila kuonyesha dalili, kisha kikatoa jani. Ulimkataza kutuma habari mpaka kikue, kwa sababu ulitaka kumletea mkeo mwenyewe, kwa mkono wako. Kisha ukaugua.

"Aliniambia, mke wangu ana siri," Melania akasema. "Kila nikienda msikitini anaupa mti supu ya dagaa, anadhani sijui. Anaupenda kuliko mimi ninavyoupenda. Siku utakapouchukua wako ataumia, na mimi sitaki aumie. Nataka naye awe na wake."

Kwenye kile kijishina palikuwa na kibati. Ulimwachia wewe mwenyewe siku ile, Melania alisema, kabla hata haijajulikana ni kitawi gani kitakachoishi. Mama alikigeuza kwenye mwanga. Herufi zako zilikuwa zimeinamia upande mmoja, nukta kwa nukta, nazo ziliandika MWASITI.

Alikaa nacho kwa muda mrefu, chai ikapoa. Kisha akainuka, akatoa komeo, akausukuma mlango wa uani mpaka ukagonga ukuta. "Mti wako huo hapo," akasema. "Nilikudanganya."

Melania hakumlaumu. Aliuendea mti wake, akaushika shina, akachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Mama akamwambia palepale kwamba ameshautilia maji jana, asijisumbue. Tuliposikia hivyo mimi na Nasra tukaangaliana. Kesho yake Melania aliupogoa ukabaki wa kubebeka, akafunga mizizi kwenye kiroba, Omari akausukuma kwa mkokoteni hadi bandarini. Mama alikwenda naye. Kibati cha MELANIA kiliondoka na mwenyewe.

Sasa lile jambo, Baba, na Mama ameacha dagaa ili nilisikie vizuri. Ile haikuwa supu. Yalikuwa maji ya kuua, aliyatia chumvi kwa makusudi, na sababu ilikuwa wivu mtupu. Ulikwenda hadi Lugufu kwa ajili ya mapenzi yake kwa mti, ambayo hayakuwepo, ukala ugali mkavu siku nne kwa ajili yake, na hukuuliza wala hukujieleza. Anaomba radhi. Anasema hukukosea kuhusu mkeo, ulikosea kuhusu beseni tu. Lile jani la ushahidi bado liko kwenye kasha chini ya cheti cha ndoa, na hataki liondolewe.

Mti mdogo uko mahali pa mkubwa, juu ya mawe yale yale matatu. Jana alasiri, Omari alipokwenda kuswali, Mama aliosha dagaa wasio na chumvi na akaumwagia maji yake mbele yetu sote, mlango wa uani ukiwa wazi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwasiti, wanao Safina, Omari na Nasra, dada yako Yasmini wa Buzebazeba, wajukuu zako, wavuvi wote ambao taa zao zinangurumia ziwani kwa mkono wako, na Melania, ng'ambo. Hatutakusahau, Baba, siku zote za uhai wetu. Na Mama anataka hili liwe la mwisho: hao hurulaini wa peponi huko uliko wasogee kando kidogo, maana mwenyewe yuko njiani, na jina lake umelitoboa wewe.