Masizi Kwenye Lori la Baba

Butte, Montana
Jumanne

Kaka Wade,

Huku theluji imeanza mapema, ila sote wazima. Lori la baba lilikuwa likiishiwa nguvu kila tukipanda mlima na ng'ombe. Baba akabadilisha sensa inayopima presha ya moshi, wapi! Jana nikafungua kibomba cha sensa hiyo, nikakuta kimezibwa na masizi. Nikakizibua kwa waya, lori likapanda bila kusita.

"Ujanja huu umeutoa wapi, binti?"

"Si wewe ulinifundisha, baba?"

Akacheka, akidhani namtania. Yeye, fundi wa magari kwa miaka arobaini, Wade! Kisha akauliza mbona hujarudi kutoka shule, wewe uliyemaliza miaka mingi iliyopita.

Funguo za lori nimezificha. Njoo, kaka, angali anayakumbuka majina yetu.

Dada yako mwenye hofu,
Lorna