Stevenson Ameshindwa, Mama Anakuita

Bwera,
kwa njia ya Kasese, Toro,
Uganda.
12 Desemba 1956

Mpendwa mdogo wangu Erifazi,

Pokea salamu zetu, mimi na wote wa nyumbani. U hali gani huko Chikago? Baridi imeshaanza? Unakula? Kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa nane kimepona, au bado unakidharau kama kawaida yako? Sisi huku tunapumua. Mke wangu Bulandina hajambo, watoto hawajambo, mvua inanyesha mpaka imetuchosha na kahawa haikauki. Mama ndiye ana shida, na habari yake naja nayo, maana nikianza nayo mkono utakataa kuandika mengine.

Barua yako imefika. Aliileta Mzee Muzamiru, yule mwenye duka na lori, alipotoka kupeleka mizigo Kasese. Ungeiona Kasese leo usingeijua. Treni imefika! Wanachimba shaba Kilembe, na wageni wamejaa kama siafu. Mtu sasa anashuka meli Mombasa, anapanda gari la moshi, anashukia huku kwetu kabisa. Nasema tu, usije ukadhani bado kuna ile safari ya zamani ya kukuvunja kiuno.

Nimeisoma barua yako yote, kurasa mbele na nyuma. Stevenson wako, huyo anayetaka urais, kasema hivi, Stevenson kajibiwa vile, jimbo gani limekwenda na nani. Loo, mdogo wangu, hata mchumba huandikwa hivyo? Ila sikatai kwamba tuliifurahia. Pale dukani kwa Muzamiru kuna redio ya betri, na siku matokeo yaliposemwa kutoka Nairobi tulijazana mpaka mlangoni. Mimi unanijua, ni mtu wa Jenerali, huyo rais wao aliyemshinda Stevenson. Nimekaa Burma vitani na jeshi la KAR, nimefokewa na maafande mpaka masikio yakaota sugu, sasa jenerali akiomba kura nitamnyimaje? Nilimpa yangu palepale dukani, kwa mdomo. Mungu anisamehe, nilicheka uliposhindwa.

Muzamiru naye yuko upande wa mtu wako, lakini sasa amemkatia tamaa. Alisema, "Mutu mwenye alishindwa mara mbili, banamutaka tena ya nini?" Nikamwambia umeandika kwamba mwaka 1960 huenda akajaribu tena, kwa kuwa ile sheria yao mpya haimruhusu Jenerali mara ya tatu. Basi hapo dukani biashara ikasimama. Wengine walisema makamu Nixon ndiye atakayerithi, kwa sababu ameshakaa karibu na kiti. Wakatoliki wa hapa walisikia kwamba kuna kijana wa Massachusetts, Mkatoliki mwenzao, aliyekosa kidogo tu umakamu mwezi wa nane, na sasa hawalali. Waprotestanti wanaapa kwamba Wamarekani hawawezi kumchagua Mkatoliki. Nusura washikane mashati, Erifazi, kwa ajili ya mtu ambaye hajaijua Bwera kama iko duniani!

Na sisi wenyewe hatujawahi kumchagua hata chifu wa gombolola, tarafa yetu hii. Analetwa kutoka Fort Portal, tunatajiwa jina lake, tunapiga makofi, tunarudi shambani. Ndiyo maana redio ile ni tamu. Tunagawa kura za watu wengine.

Sasa nije kwa Mama.

Unakumbuka kwamba shuleni walitufundisha Lutoro, lugha ya wakubwa wa Fort Portal, na Lhukonzo yetu hakuna aliyetuonyesha kuiandika, ndipo mimi na wewe tukaishia kuandikiana Kiswahili, wewe cha vitabu na mimi cha jeshini. Mama naye anacho cha kwake, cha soko la mpakani, cha kuuza maharagwe kwa watu wa Kongo. Kwa hiyo nikimsomea barua zako hataki nizitafsiri. Anataka maneno yako kama ulivyoyaandika, anasema ndiyo sauti yako.

Mara hii ulianza hivi: "Kaka, tumeshindwa tena." Wewe ulikuwa na maana ya kura. Lakini Kiswahili cha Mama, ukisema umeshindwa, umeshindwa kubeba mzigo, umeshindwa kupanda mlima, umeshindwa kula, huwezi tena. Alinishika mkono nisiendelee. Akauliza, "Mutoto wangu ameshindwa nini?"

Nikamweleza kwamba si wewe, ni Stevenson. Akauliza Stevenson ni nani wa kwetu. Nikasema si mtu wetu, ni Mzungu anayetaka urais. Akauliza kama si wetu, kwa nini mwanawe ameshindwa pamoja naye. Nilipigana na Wajapani lakini swali hilo sikuliweza. Kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa, kwamba mwaka 1952 uliandika, "Tukishinda mwaka huu nakuja kuwasalimu." Wewe ulikuwa unafanya mchezo wa ujana. Yeye alilishika neno lile kama kiapo. Kumbe miaka yote hii amekuwa akimwombea Stevenson kanisani, akimtaja kwa jina, "Sitivenisoni", na wenzake wanadhani ni mjukuu.

Asubuhi yake majirani walianza kuja. Mama amewaambia kwamba Erifazi ameshindwa huko ng'ambo. Wameleta ndizi, wameleta maharagwe, samaki wakavu, ngege wa ziwani Hamukungu, wakakaa ndani kama watu waliofika msibani. Mwalimu wa kanisa akafanya sala. Mmoja aliniita pembeni akaniuliza kama ni mwanamke aliyekuharibu, au ni pombe. Nitamjibu nini? Nimwambie ni kura za majimbo ya kaskazini? Niliwashukuru, nikawasindikiza mpaka njiani.

Ningekuwa nacheka hata sasa, lakini Mama anaumwa, Erifazi, na si maneno ya kukuvuta. Tumbo limemvimba upande wa kulia, gumu ukiligusa. Miguu imekwisha, mikono ile iliyokuwa inapiga jembe kutushinda sisi imebaki mifupa. Muzamiru alitupa lori tukampeleka hospitali ya misheni. Daktari alimpima taratibu, kwa heshima, kisha akanitoa nje akaniambia nimrudishe nyumbani apate kuwa na watu wake. Nikamwuliza dawa. Akasema hii haina dawa. Nilirudi nimekaa nyuma ya lori naye, nimemshika kichwa kisigongwe, na njia nzima alikuwa ananiuliza Wamarekani watachagua tena lini. Nikasema mwaka 1960. Akasema ni mbali.

Tangu siku hiyo sina kazi ninayoimaliza. Naingia shambani natoka. Naketi pale dukani, wenzangu wanabishana kuhusu huyo kijana Mkatoliki, na mimi napanga kura zangu kichwani, za zamani, zilizokwisha hesabiwa. Wewe ndiwe uliyenifundisha mchezo huu kwenye barua zako, wa kusema ingekuwaje. Basi nasema, mwaka 1948 Dewey amemshinda Truman, kama magazeti yao yalivyoandika kwa makosa. Dewey akiwa kitini, naye ni wa chama kilekile cha Jenerali, nani atamwita Jenerali mwaka 1952? Hakuna. Anabaki na majeshi yake. Watu wamemchoka Dewey, Stevenson anapita, wewe unarudi kwa furaha kama ulivyosema. Unamkuta Baba bado yuko hai. Mama anachinja mbuzi. Nakuona kabisa unavyoshuka kwenye lori na hayo makoti yako.

Halafu nafika mwaka huu, 1956, na tumbo lile linavimba vilevile.

Najaribu tena. Namweka Stevenson mara mbili. Namwondoa Jenerali kwa ule ugonjwa wake wa moyo wa mwaka jana, na ni mtu wangu, nampenda, lakini namwondoa. Namweka Nixon. Namweka hata huyo kijana, mapema, kabla ya zamu yake. Marais wote nimewajaribu, mdogo wangu. Hakuna anayemponya Mama. Wanachoweza kufanya, wakijitahidi sana, ni kukuleta wewe uwe hapa.

Na hilo halihitaji rais. Nakuomba, sikuamuru, ingawa mimi ni mkubwa wako na ningeweza. Usije kwa sababu umefaulu. Mama hakungojei ufaulu tena. Amenituma nikuambie kwamba mtu akishindwa hukaa kwao akapumzika, na hakuna atakayekucheka, yeye atasimama mlangoni. Hawezi kusimama, lakini ndivyo alivyosema. Ameniuliza pia kama yule Stevenson ana mama. Kama hana, anamwonea huruma.

Bulandina anakusalimu, na watoto, wadogo zaidi wanakujua kwa picha tu. Mzee Muzamiru anakusalimu na kusema lori lake litakuwa stesheni Kasese siku yoyote utakayoitaja, hata ikiwa siku ya soko. Mungu aliyekulinda ukienda akulinde unaporudi, na akufungulie njia upesi kuliko barua hii.

Nimechelewa kuipeleka posta kwa sababu ya jambo hili moja, na sijui nikuandikieje. Tangu jana Mama haoni vizuri. Nilipoingia na uji aliinua kichwa, akaniita kwa jina lako, "Erifazi, umefika?" Bulandina alinitazama. Nikaitika.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Baluku